Hodi ya Ukutani

Mimi nauza rangi. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na nusu ya rangi inayotoka dukani kwangu ni ya kuficha. Mtu haji kununua kopo moja la krimu kwa sababu anaipenda krimu. Anakuja kwa sababu kuna ukuta unamtia aibu na kesho kuna mnunuzi anakuja kuangalia nyumba. Simlaumu, na kopo namfungia vizuri. Lakini nikiingia nyumba ya watu nikakuta kuta tatu zimechakaa na wa nne unang'aa, huo wa nne siupi mgongo.

Hayo nilifundishwa na mjomba, kaka wa mama, aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu tukiwa hatufikii kitasa cha mlango. Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba. Watu wakitaka kununua humwita kwanza, naye huizunguka nyumba kuanzia paa mpaka shimo la maji machafu, kisha anawaambia ukweli ambao dalali hataki usikike. Alisomea kazi hiyo chuoni, cheti chake kiko sebuleni hadi leo, na ningesema hata mdomo wake ulikuwa na cheti. Mnunuzi asiposhika daftari atashika kichwa. Safisha mifereji ya paa kabla ya mvua. Angalia ardhi inateremkia wapi, isije ikayaleta maji kwenye msingi. Mlango ukianza kukwaruza sakafu usikimbilie randa, jiulize kwanza ni mlango ulioshuka au ni nyumba. Usimwage udongo wa bustani ukaegemea ukuta. Tulikuwa tunamtania kwamba hata harusini ataangalia dari kabla ya kumwangalia bibi harusi.

Ukuta aliukagua kwa kuugonga kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Ukuta mzima hulia ko. Pale plasta ilipoachana na tofali hulia po, kwa sababu nyuma yake ni hewa tupu. Na kila ukuta, kabla hajaugonga, aliupigia hodi. "Hodi," anasema, kisha anagonga mara mbili za haraka, anatulia kidogo, halafu anamalizia na moja. Ko-ko... ko. Wakati wa likizo tulimfuata kazini, na kazi yetu ilikuwa kuitikia kwa niaba ya ukuta. "Karibu!" tunapiga kelele, naye anasema asante kwa heshima zote. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Hodi.

Ukuta mzima aliuwekea alama ya vema kwa chaki, mbovu aliuzungushia duara. Halafu, kabla ya kuondoka, aliinama mahali pa chini kabisa ambapo mwenye nyumba hawezi kuangalia, akaweka vidoti viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. "Hawa ni nyinyi," alituambia. "Mmekagua pamoja nami." Aliendelea kuviweka hata tulipokuwa watu wazima wenye shughuli zetu. Habari ya vidoti hivyo tuliijua sisi watatu tu.

Basi mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, aliolewa, na baada ya kupanga hapa na pale akachoka kuchungwa na wenye nyumba. Mumewe akapata nyumba inayouzwa. Shemeji yangu ni mtu mwema, ila ana kasoro moja: anasikia anachotaka kusikia. Alipomwita mjomba aikague, alikuwa ameshamalizana na mwenye mali na pazia ameshaagiza.

Tulikwenda asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika, kwa sababu mjomba alipenda kuiona nyumba ikiwa bado mbichi. Nje hakukuwa na kasoro. Mifereji safi, maji yanateremka kwenda mbali na msingi. Alipanda darini akashuka na buibui kichwani, akasema mbao hazina mchwa. Milango ilifunguka bila kelele. Alifungua bomba zote kwa pamoja kuangalia nguvu ya maji, akaridhika. Shemeji alikuwa anatembea nyuma yake anatabasamu kama vile nyumba ameijenga yeye.

Kisha tukaingia chumba cha nyuma. Kuta tatu zilikuwa za zamani, zimefifia, zina alama za misumari. Wa nne ulikuwa mpya.

Mjomba aliniangalia. Nikaukaribia, nikapitisha kiganja. "Mikono mitatu ya rangi, mmoja juu ya mwingine," nikamwambia. "Na ya mafuta." Hakuna anayepiga mikono mitatu kwenye chumba cha nyuma. Shemeji akasema pengine walitaka kupendezesha, akatoka kwenda kupokea simu.

"Hodi," akasema mjomba, akagonga.

Po-po... po.

Alitoa chaki. Akawa anagonga huku anaweka doa pale sauti inapobadilika, anasogea, anagonga, anaweka doa. Plasta ikiachia huachia ovyo, kama maji yaliyomwagika. Hii haikuachia ovyo. Ilianzia sakafuni, nyembamba. Ikapanda ikitanuka hadi usawa wa mabega yake, ikabanwa kidogo, halafu ikazunguka juu mviringo. Alipoweka doa la mwisho ilimbidi anyooshe mkono kidogo tu juu ya kichwa chake mwenyewe. Alirudi nyuma hatua, na sote wawili tukawa tunaangalia, wala hakuna aliyesema inafanana na nini.

Ko-ko... ko.

Mkono wa mjomba ulikuwa chini. Bisibisi ilikuwa imeelekea sakafuni. Nilikuwa naiangalia.

Na Kitinda, ambaye muda wote alikuwa ukumbini anapima madirisha, haoni chochote, akasikia ugongaji anaoujua tangu utotoni. Akaitika kwa furaha, kama alivyozoea.

"Karibu!"

Mjomba alibaki ameuangalia ukuta. Hakusema asante.

"Nani kagonga?" nikanong'ona.

"Bomba."

"Ukuta huu una bomba?"

Alikuwa amezikagua bomba zote, na tulijua wote kwamba upande ule hakuna hata moja. Akatoka kwenda ukumbini, akamwuliza Kitinda taratibu, "Mwanangu, umemwitikia nani?"

"Si wewe?" akasema, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

Uani mjomba alimshika shemeji mkono. Alimwambia asihamie kabla plasta ile haijavunjwa na kuonekana kilichoko nyuma. Shemeji akacheka. "Mjomba, plasta tu hiyo! Tukishakaa nitaita fundi." Mjomba akakusanya vifaa vyake, tukaondoka. Njiani nilimwuliza kwa nini hakuweka vidoti vyetu.

"Sikutaka kuwaacha mle," akasema.

Walihamia. Fundi hakuitwa, kama nilivyojua hataitwa. Baada ya muda Kitinda akanipigia simu kuniambia ukuta ule umeota unyevu. Nilimwita mjomba asikilize. Akamwuliza unyevu unaanzia wapi, kwa maana unyevu una tabia zake: ama unapanda kutoka ardhini, ama unashuka kutoka paani, na ukiufuata utafika kwenye chanzo. Kitinda akasema haupandi wala haushuki. Uko katikati, usawa wa kifua, pande zote pamekauka. Na mvua hakuna.

Kisha akashusha sauti. "Dada, nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Sijui. Nikipakua chakula napakua sahani moja zaidi, na sishtuki mpaka nimeshaiweka mezani. Na kile chumba siwezi kukifunga mlango. Naona aibu."

"Aibu ya nini tena?"

"Mgeni umemkaribisha mwenyewe, unamfungiaje mlango?"

Nilimwangalia mjomba. Alikuwa ameshasimama, anatafuta patasi na nyundo yake. Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia amwachie fundi, amwachie shemeji, aiachie hata hiyo nyumba ianguke. Akaniambia Kitinda si wa fundi wala si wa shemeji, ni wake, yeye ndiye aliyemfundisha kuitikia ukuta. Nilimpenda sana kwa neno hilo, na nilimwogopea.

Tulifika mchana, jua limewaka. Shemeji alikuwa kazini. Kitinda alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani, na mezani kulikuwa na sahani tatu ingawa alikuwa peke yake. Mjomba alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma na vifaa vyake.

"Naingia mwenyewe," akasema. "Na sikilizeni. Mkisikia hodi, msiitikie. Hata iweje. Mmeelewa?"

Tukaitikia kwa kichwa. Akaingia. Akafunga mlango.

Tulisikia patasi. Tulisikia vipande vya plasta vinaanguka, vikubwa, vizito. Alikuwa anakohoa vumbi. Kitinda alinishika mkono. Plasta ikaanguka tena. Halafu hakuanguka kitu.



Ko-ko... ko.

Tuliangaliana. Ilikuwa sauti kavu, ya mtu mwenye haraka. Kitinda akafumbua mdomo kwa mazoea, nami nikamziba kwa kiganja.

Ko-ko... ko.

Safari hii kwa nguvu. Ukumbi ulitetemeka. Picha ya harusi yao ilicheza kwenye msumari wake. Machozi ya Kitinda yalinilowesha vidole, lakini sikuuondoa mkono. Mjomba alisema tusiitikie. Mjomba alisema hata iweje.

Ya tatu ilitoka chini. Karibu na sakafu. Kama mtu aliyepiga magoti.

Ko-ko.

Hatukusikia ya kumalizia.

Kisha mlango ukafunguka na mjomba akatoka. Alikuwa mweupe kwa vumbi. Nilitaka kumrukia shingoni, na sijui kilichonizuia. Labda ni kwa sababu alitoka bila kubisha. Mjomba alikuwa anapiga hodi hata akitoka bafuni.

"Pako sawa," akasema. Sauti ilikuwa yake.

Tuliingia chumbani. Sakafu ilijaa plasta iliyovunjwa, vipande vyenye mikono mitatu ya rangi, nilivitambua. Nyundo ilikuwa chini, patasi chini, bisibisi chini. Na ukuta ulikuwa mzima. Si kwamba umezibwa. Mzima, mkavu, laini, hauna hata mchubuko, wala doa moja la chaki. Niliokota bisibisi nikagonga kwa mpini pale palipokuwa na uwazi, usawa wa kifua.

Ko.

Palikuwa pamejaa.

Nilimrudisha mjomba nyumbani kwake, ambako ndiko ninakokaa na mimi, maana sikuolewa na hakunifukuza. Hakuingia chumbani kwake. Alikaa kwenye kiti cha pale mlangoni, cha kuvulia viatu, ukingoni kabisa, mikono magotini. Nilimwambia akalale. Hakuinuka. Daktari alisema ni mshtuko, umri nao, apumzike. Nikawa nampelekea chakula pale pale. Alikuwa anakaa pale, analala pale ameketi, na asubuhi mto wa kiti unakuwa umelowa majimaji yanayonuka saruji. Chaki haikuwemo tena mfukoni mwake. Hakuvuka kizingiti cha sebule. Alikaa kama mgeni anayesubiri akaribishwe, na mimi sikuwaza kumkaribisha, kwa sababu nani anamkaribisha mtu nyumbani kwake?

Kwa Kitinda mambo yalitengemaa. Unyevu ulikauka, sahani zikawa mbili, mashavu yakarudi. Shemeji alijisifu kwamba alisema tangu mwanzo ni plasta tu. Halafu Kitinda akapiga simu, ananong'ona.

"Anagonga."

"Wapi?"

"Jana ilikuwa sebuleni, kwenye kona. Leo ni ukumbini. Anatembea, dada. Anagonga, anasogea, anagonga. Kama mtu anayetafuta plasta ilipoachia."

"Ugongaji wa nani?"

"Wake."

Nilitazama mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kiti, ananiangalia.

"Umeitikia?"

"Alisema tusiitikie," akasema Kitinda, akaanza kulia. Na mimi nililia. Siku ile ya kwanza kabisa, kilichogonga kutoka ndani kiligonga kama mjomba vile vile. Kinaujua. Basi ukisikia ko-ko, unajuaje unamfungulia nani? Shemeji naye alisema ni panya, akanunua mtego.

Iliendelea hivyo, ukuta hadi ukuta, mpaka ikamaliza nyumba nzima. Kisha ikanyamaza. Kitinda alisema amepata usingizi. Mimi nilikosa wangu. Niliwaza kwamba amechoka, au hewa imemwishia, na mawazo hayo niliyatembeza dukani mchana kutwa mpaka wateja wakawa wananiuliza kama naumwa.

Juzi, alasiri, mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Jiko letu nimelipaka mimi mwenyewe, najua kila inchi yake, na kutoka kwenye beseni unaona moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mlangoni. Alikuwa pale.

Ko-ko... ko.

Sahani ilinitoka mkononi. Ilikuwa ndani ya ukuta wa jiko, usawa wa uso wangu.

"Usiitikie," akasema yule wa kwenye kiti.

Hakuwa amesema neno tangu "pako sawa". Alilisema kwa upole, kama mjomba alivyotusemesha tukiwa wadogo tukiota vibaya. Nilishika ukingo wa beseni.

Ko-ko... ko.

"Usiitikie."

Nilisubiri. Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, sikuyafunga. Niliomba isije ya tatu. Niliomba ije.

Ikaja. Chini kabisa. Nyuma ya kabati la vyombo.

Ko-ko.

Basi.

Niliburura kabati mpaka likanichubua kifundo. Nikapiga magoti. Pale chini, ambapo hakuna mtu angeangalia, kulikuwa na vidoti viwili vya chaki. Kimoja kikubwa. Kimoja kidogo.

Nilisahau kila kitu nilichokatazwa. Niliweka mdomo ukutani kabisa.

"Karibu," nikasema. "Karibu, mjomba. Karibu ndani, jamani, karibu."

Niliugonga kwa ngumi. Ko. Niliugonga juu, niliugonga pembeni. Ko. Ko. Alikuwa ameshagonga mara zake tatu, na hodi ya tatu isipoitikiwa mjomba huondoka, hakuwa mtu wa kuvizia mlango wa mtu. Niliita jina lake la utani, nikalia kama mtoto.

"Asante," ikaitika sauti.

Ilitoka mlangoni. Kiti kililia kama kinavyolia mtu mzito anapoinuka. Nikasikia nyayo zinavuka kizingiti cha sebule, taratibu, za mtu aliyekaribishwa. Zikapita mlango wa jiko nyuma ya mgongo wangu. Zikaenda hadi chumbani kwa mjomba, na mlango ukafungwa kwa ndani.

Yumo humo hadi sasa. Napakua sahani mbili, na sishtuki. Kila asubuhi navuta kabati, nalowesha kitambaa, najaribu kuvifuta vile vidoti. Kitambaa kinatoka kisafi. Nikivigusa kwa kidole, chaki haishiki, nahisi rangi yangu tu, laini, nilivyoipaka. Chaki iko upande wa pili wa ukuta.